Upande Unaotoa na Upande Unaopokea

Taabu yangu ilianza mwaka wa 1975, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa mpakuzi bandarini. Gunia la saruji lilimwangukia mgongoni, na mvua za mwaka ule hazikwisha kabla hatujamzika. Mama akabaki na sisi mtaani Buyenzi, chumba kimoja, na mimi nikatoka shule nikiwa darasa la nne. Nilitoka najua kusoma polepole, kuandika jina langu, na kugombana. Vyote vitatu vimenisaidia kazini, hicho cha mwisho zaidi.

Nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye atelye, karakana yetu, mnaoshika waya sasa. Najua mnavyosema nikipita: Muzee Hamisi ni mkali, Muzee Hamisi haachi mutu apumue. Ni kweli. Someni basi mjue ukali ule niliutoa wapi.

Atelye niliyoingia ilikuwa mtaa wa Asiatique, nyuma ya duka la vitambaa, mlango wa bati unaokwaruza sakafu. Mwenyewe aliitwa Muzee Abedi, mtu mfupi, kofia nyeupe, vidole vyeusi. Kazi yake ilikuwa kuchovya. Unamletea bampa ya gari iliyoliwa na kutu, au birika la harusi lililochakaa, naye analivika shaba, nikeli, kromu au fedha. Hiyo si rangi. Rangi unaikwangua kwa ukucha. Hii ni shaba ya kweli inayoota juu ya chuma, ndani ya maji, kwa nguvu ya kuran, yaani umeme.

Siku ya kwanza hakuniuliza hata jina. Alinipa bampa, mchanga na jivu.

"Sugua."

"Mpaka wapi, Muzee?"

"Mpaka uone meno yako."

Nikasugua mpaka adhana ya alasiri. Nikaona meno yangu, nikampelekea kwa furaha. Akaisimamisha bampa, akaimwagia maji. Maji yakateremka vizuri, lakini mahali pamoja yakagawanyika, kama watu wanaomkwepa mwenye deni.

"Apa uligusa na mukono ya mafuta," akasema. "Maji inakataa. Kuran nayo itakataa. Rudia."

Nikarudia. Hadi leo, mtu asiyejua kusugua asinipigie hadithi za kuchovya.

Tulikuwa na matangi kadhaa. La kwanza lilikuwa na maji ya mrututu, chumvi ya shaba, buluu nzuri mpaka unatamani kuyanywa. Msiyanywe. Ukutani kulikuwa na mashine tuliyoiita redreseri, inayoulazimisha umeme uende upande mmoja tu. Waya wa chanya tuliufunga kwenye mabamba ya shaba yaliyoning'inia tangini. Waya wa hasi tuliufunga kwenye kitu cha mteja. Bamba linakonda, kitu cha mteja kinanenepa. Kitu kikianza kushika shaba kinageuka rangi ya waridi, kama shavu la bibi harusi, na sisi tulisema: kimeona haya. Miaka mingi sikujua kwa nini mambo yanakwenda hivyo. Nilijua kuna upande unaotoa na upande unaopokea, na ole wake anayezibadilisha. Ukifunga kinyume, kitu cha mteja ndicho kinachoyeyuka.

Kwa sababu hiyo atelye ilikuwa na desturi. Waya hufungwa na fundi mkuu peke yake. Muzee Abedi alinawa mikono, akaifuta kwa kitambaa cheupe ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, akasema Bismillahi, akashika waya. Sisi wengine tulisimama mikono nyuma. Nyuma, si mfukoni. Nilimwuliza sababu siku moja.

"Mukono wa pili ukiingia," akasema, "kosa itakuwa ya nani?"

Na kabla ya kufunga, aliuliza glasi. Mnaijua, maana nimewachosha nayo. Glasi ya maji, chumvi kidogo, unatumbukiza ncha mbili za waya bila kugusana. Waya wa hasi unatoa povu, unachemka kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Waya wa chanya unakaa kimya, unaliwa polepole, na maji yanayouzunguka yanaingia ukijani. Hapo unajua nani ni nani.

"Glasi haina kiburi," alikuwa anasema Muzee. "Mutu iko nayo."

Nilikaa chini yake miaka mingi. Nilijifunza kuchochea nikeli, kupima ukali wa dawa kwa harufu, na kuacha kupima kwa harufu baada ya kromu kunitoboa ukuta wa pua. Hadi leo ukipitisha uzi tundu la kulia unatokea la kushoto. Watoto wangu walikuwa wanaleta wenzao waone. Nyinyi mna barakoa na bado mnazivaa kidevuni. Endeleeni, nyuzi ziko nyingi sokoni.

Nilikuwa nimeshaoa, binti yangu Zaina anatambaa, nilipoanza kuona kwamba Muzee Abedi haoni.

Mambo yalikuwa madogo. Alisubiri uongee ndipo akuite jina. Alimimina chai huku kidole kikiwa ndani ya kikombe. Akipewa karatasi anasema, "Soma we, mi nimesahau miwani," na miwani hakuwahi kuwa nayo. Sijui kama ulikuwa mvuke wa matangi, au ukoo wake, au majaliwa. Daktari hakuulizwa. Aliacha pia kuuliza glasi. "Vidole yangu inajua," akasema. Na kweli vilijua. Redreseri ilikuwa haijahama ukutani tangu nizaliwe kazini, chanya kulia, hasi kushoto. Hata aliyelala angefunga.

Lakini maneno yalikuwa yameanza. Mteja mmoja alirudishiwa birika lenye kovu, akaenda kwa mchovyaji mwingine na kusimulia njiani. Muzee hakuwa na mtoto, mkewe alikuwa ameshafariki, alikuwa na atelye tu. Buyenzi ikisikia kwamba mchovyaji ni kipofu, nani atamletea birika la mama yake? Nilijua, naye alijua kwamba najua, na hakuna aliyesema. Heshima ya mutu si nguo yako, huwezi kuivua kwa niaba yake.

Ndipo akaja Padri Laurenti.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Padri alikuwa mrefu, mwenye haraka, viatu vya vumbi. Zamani alifundisha kemia kwenye seminari, kisha akapewa parokia upande wa Mutakura. Alikunjua taulo, ndani yake kikombe cha misa. Kilikuwa cha shaba ya manjano kilichochovywa fedha, na fedha imeisha kama soli. Kwenye mguu wa kikombe palikuwa na herufi zilizochongwa kuzunguka: GERETURIDA.

"Ni mama yangu," akasema Padri. "Nilipopata upadri aliuza ng'ombe wake, na alikuwa na mmoja tu. Tukanunua hiki, jina lake likachongwa. Mama hakusoma. Neno moja tu analijua maishani, hili hapa, na analijua kwa kidole. Kila nikienda nyumbani nampa anapapasa, herufi moja moja, kama mtu anayehakikisha watoto wote wameingia ndani."

"Na munakitaka lini, Padri?" akauliza Muzee.

"Kesho. Ni yubile yangu ya upadri. Mama ameteremshwa jana kutoka mlimani, yuko kwenye nyumba ya masista. Ana maji kifuani. Daktari ameniambia nisipange mambo ya mwezi ujao." Akakigeuza kikombe mkononi. "Kesho atabebwa kwenye kiti, nimpe kikombe mbele ya watu. Nataka kimng'arie machoni, hata kama haoni vizuri. Na ashike jina lake."

Mimi ni Mwislamu, kikombe cha misa si changu kukisemea. Lakini jina la mama ni jina la mama.

Tulianza kukisafisha. Padri alikataa kuondoka, akakaa juu ya pipa. Mtu aliyewahi kufundisha hawezi kukaa kimya, na mimi nikamchokoza.

"Padri, we ulisoma hivi vitu. Bamba ya shaba inapungua uku, shaba inafika ule upande. Katikati mi naona maji tu. Inapitia wapi?"

"Inapita mbele ya macho yako," akasema, "ila imebadilika hali. Sikiliza. Shaba imejengwa na chembe ndogo sana, atomu. Katikati ya atomu kuna chaji chanya. Nje zinazunguka elektroni, zenye chaji hasi. Zikiwa sawasawa atomu imetulia, haina upande. Sasa waya wa chanya kazi yake ni kuvuta elektroni. Unainyang'anya atomu ya shaba elektroni mbili. Inabaki na chanya mbili zisizo na wenzake. Haiwezi tena kukaa kwenye bamba, inatoka, inaingia majini. Ikiwa hivyo inaitwa ioni. Hizo ndizo zinazofanya maji yako kuwa buluu."

"Na ikishaingia?"

"Ina chanya, kwa hiyo inavutwa na hasi. Inafika kwenye kikombe, mahali waya wa hasi unamwaga elektroni. Inapokea mbili, inakuwa atomu ya shaba tena, inakaa hapo hapo."

Muzee Abedi alikuwa ananawa. "Ilinyang'anywa uku, inarudishiwa kule," akasema. "Basi iko haki."

"Na si zote zinazotoa, Muzee. Nyingine zinapenda kuchukua. Chumvi ya mezani: sodiamu inatoa elektroni moja, klorini inaichukua. Mmoja anabaki na chanya, mwingine anapata hasi. Ndiyo maana wanashikana."

"Kama bwana na bibi," nikasema.

"Hapo sina ujuzi," akasema Padri. "Muulize Muzee."

Tukacheka wote. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikatwa. Redreseri ilivuma mara moja, ikanyamaza. Kuran imekwenda.

Tulisubiri. Adhuhuri ikapita. Padri alikuwa anatazama mlango, anatazama mikono yake. Shaba ilihitaji muda wake, fedha muda wake, kung'arisha muda wake. Muzee akasema tutumie bateri. Mbele ya duka kulikuwa na lori linashusha vitambaa, dereva akakubali kutuazima bateri yake kwa kuwa alikuwa anangoja chakula. Tukaibeba ndani, tukaweka taa ya lori katikati ya waya ili kupunguza nguvu.

Sasa nyinyi mnajua jambo hili, au mlipaswa kujua. Bateri iliyotoka kiwandani, kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi. Mwenye vidole hahitaji macho. Muzee akanawa tena, akajifuta kwa kitambaa chake, akapapasa vichwa vyote viwili.

"Muzee, niwaletee glasi?" nikauliza.

"Apana. Kinene iko apa." Alisema kwa sauti ya mtu anayetazamwa. "Bismillahi."

Nikarudisha mikono nyuma. Nilikuwa ng'ambo ya tangi. Padri akasimama kutoka kwenye pipa akatazama kikombe chake kikizama kwenye buluu. Taa ya lori ikawaka. Maana yake kuran inapita.

Nikangoja haya.

Kikombe hakikuona haya. Nilijiambia ni mwanga, mchana ule ulikuwa na mawingu. Nikainama. Kikombe kilikuwa kinafifia, kinaingia weusi, na maji yaliyokizunguka yalikuwa mazito zaidi kuliko ya pembeni. Nikatazama mabamba ya shaba. Yalikuwa yanapendeza. Yalikuwa ya waridi, yameota kama ngozi mpya.

"Muzee," nikasema polepole, "hakijaona haya."

"Ngoja."

"Muzee, ni muda sasa."

"Hamisi. Mbele ya mugeni?"

Padri akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kuna tatizo?"

"Apana tatizo, Padri," akasema Muzee, akitabasamu upande ambao Padri hakuwapo.

Maneno ya Padri yalikuwa bado moto kichwani mwangu. Waya wa chanya unavuta. Aliyefungwa kwenye chanya ananyang'anywa, anatoka, anaingia majini. Atomu zilizokuwa zinatoka wakati ule hazikuwa za bamba. Zilikuwa zinatoka kwenye kikombe, na zilianza na kingo, kwa sababu kuran inapenda kingo. Na herufi ni nini kama si kingo? Kila pumzi niliyovuta, Gereturida alikuwa anayeyuka, na aliyefunga waya zile ndiye aliyenifundisha kazi, amesimama mbele ya mgeni, na mkono wangu haukuwa na ruhusa.

Nikarukia waya nikaung'oa. Cheche ikaruka. Taa ikazima.

"Nani amegusa?"

"Ni mi, Muzee."

"We, Hamisi? We mutoto niliokutoa kwenye mavumbi? Uko na wazimu?"

Akainua mkono akanirushia kofi. Kofi lilipita hewani, mbali na uso wangu, likapiga ukingo wa tangi. Sauti yake ikajaa atelye yote. Muzee akabaki ameinamisha mwili mahali ambapo mimi sikuwapo.

Padri aliona. Dereva wa lori, aliyekuwa anaingia kudai bateri yake, aliona. Na Muzee alijua kwamba tumeona.

Akajinyoosha. Akaubana mkono wake uliovimba. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hamisi. Leta glasi."

Nikaleta. Nikatia chumvi. Yeye mwenyewe akazitumbukiza ncha za waya, nikamwongoza kidogo kwa kiwiko.

"Povu iko wapi?" akauliza.

Nikafungua mdomo kujibu. Akanizuia. "Nyamaza. Sogeza kwa sikio yangu."

Akasikiliza. Mimi pia nikasikia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile ya kutazama: upande mmoja ulikuwa unanong'ona, tsss, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Upande wa pili kimya. Akafuata waya unaonong'ona kwa vidole mpaka kwenye kichwa cha bateri.

"Kinene," akasema. "Hasi ndio kinene. Hii bateri ni ya aina gani?"

"Ilikufa, nikapeleka kwa mafundi wakaifufua," akasema dereva. "Vichwa walimwaga upya na risasi, kwa kopo ya tomati, bila kupima unene. Inaleta shida?"

"Apana," akasema Muzee. "Shida ililetwa na mi."

Tukatoa kikombe, tukakiosha. Ukikishika kwenye mwanga, herufi zote zilikuwapo, zimefifia kama maandishi ya choki baada ya mvua. Padri akafumba macho, akapitisha kidole chake. Akapitisha tena.

"Kwa jicho zipo," akasema. "Kwa kidole hakuna kitu."

Alikaa tena kwenye pipa, kikombe mapajani. Muzee Abedi akaja mbele yake, akapapasa hewa mpaka akapata bega lake.

"Padri, mi sioni. Ni muda mrefu. Ningekuambia asubui ungeenda kwa mwengine. Ukitaka kuniapiza, niapize. Lakini kama unanipatia hii siku imebaki, iyo jina itarudi."

"Itarudi vipi, Muzee? Atomu zimekwisha kutoka."

"Zile zimetoka, ziende. Mi nitachimba kwa zile zimebaki."

Padri alitazama mlango, kisha akanitazama mimi. Akampa Muzee kikombe.

Muzee alikuwa na sanduku la tindo za kuchongea, alizotumia ujanani kuandika majina kwenye masinia ya harusi. Mimi sikuwahi kuchonga, mkono wangu ulikuwa wa kusugua. Yeye alikuwa na mkono bila jicho, mimi jicho bila mkono. Tukakaa magoti kwa magoti, kikombe kimebanwa kati yetu na gunia. Yeye anasukuma tindo, mimi nasema.

"Kushoto, Muzee. Kidogo. Apo. Shuka. Shuka. Simama."

"Hii ni R ama T?"

"R. Ile ya kwanza."

"Iko na tumbo?"

"Iko na tumbo na mguu."

"Kama mi."

Tindo ikiteleza mara moja tu, jina linapata kovu hadi kiama. Jasho lilinidondoka kwenye shaba nikalifuta kwa kiwiko, siyo kwa mkono wa mafuta. Padri alisimama nyuma yangu anasali kimyakimya, mimi nasoma yangu moyoni, na nadhani hazikugongana njiani. Tulipofika A ya mwisho, Muzee akapitisha kidole toka mwanzo, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Padri akafumba macho akajaribu. Safari hii midomo yake ilisoma.

Mifereji ilikuwa mipana kuliko ya zamani. Hilo hatukuwa na dawa yake.

Kuran haikuwa imerudi. Bateri ilikuwa bado pale, dereva ameacha kuidai, ameketi mlangoni kama mtu aliyeingia sinema katikati. Muzee akanawa mikono. Akajifuta kwa kitambaa cheupe. Kisha akanyoosha mkono, akanipa mimi kitambaa.

"Funga."

Nilinawa. Nikaifuta mikono kwa kitambaa kile ambacho sikuwahi kukigusa, kilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Nikauliza glasi. Nikasema Bismillahi. Nilipogeuka, nikamwona Muzee Abedi amesimama pembeni ya tangi, mikono nyuma.

Taa ikawaka. Nikatazama buluu.

"Kimeona haya?" akauliza.

"Bado."

Tukangoja.

"Hamisi?"

"Kinaona, Muzee. Kinaanzia kwenye jina."

Shaba ilishika, na fedha ikashika juu ya shaba. Jua lilikuwa bado halijazama nyuma ya milima ya Kongo Padri alipokifunga kwenye taulo lake.

Kesho yake tulikwenda, Muzee na mimi. Hatukuingia, tulikaa kwenye kibaraza cha nje wakiimba ndani. Misa ilipokwisha, watu wakatoka wamembeba mama mmoja kwenye kiti, mdogo kama kifurushi, amekishika kikombe kifuani. Padri akawaelekeza waje upande wetu. Mama Gereturida alikuwa anapapasa mguu wa kikombe, anarudia, ameshuku kitu.

"Jina langu limenenepa," akasema kwa Kirundi. "Mimi nakonda, lenyewe linanenepa. Nani amelilisha?"

Padri akanitazama. Mimi nikatazama kikombe.

"Ni sisi, Mama," akasema Muzee Abedi. "Lilikuwa limetaka kutoka. Tulilirudisha na mikono."

Mama akanyoosha mkono kuelekea sauti. Muzee naye akanyoosha wake, na ilichukua muda mpaka ile mikono miwili ikutane. Akampapasa vidole, kimoja kimoja, kama alivyopapasa herufi.

"Na wewe," akasema, "kumbe unasoma hivi hivi."

Mama hakumaliza mwezi, kama daktari alivyosema. Padri aliniambia kikombe kilikaa kitandani kwake.

Muzee Abedi hakuficha tena. Wateja wengine waliondoka, ndiyo. Wengine walibaki, na Padri alituletea vinara vya kanisa zima. Muzee alikaa kwenye lile pipa miaka aliyobakiza, mimi nafunga waya, yeye anashika glasi sikioni. Hatukukosea hata mara moja. Alipofariki nilimwosha mimi, na vidole havikutakata.

Vita vilikuja, atelye ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Nikaihamishia Mutakura. Kisha zikaja bampa za plastiki, na plastiki haitoi wala haipokei, ina roho ngumu. Tukageukia vishikio vya milango, rimu za pikipiki, vikombe vya washindi wa mpira. Zaina, yule aliyekuwa anatambaa, alikuja kusugua kwa kujaribu, akabaki. Alinishinda kusugua.

Mwaka huu, asubuhi moja, nilimimina chai nikaona kidole changu kimo ndani ya kikombe. Sikukiweka mimi. Kilikwenda chenyewe. Nikaenda atelye siku hiyo hiyo, mkiwapo nyote, nikanawa mikono, nikajifuta kwa kitambaa, nikampa Zaina. Mkadhani nimeugua. Sikuugua. Sikutaka tu siku ije ambapo mmoja wenu atalazimika kunirukia, na mimi nitapiga kofi nikose.

Hivi ndivyo vitu vyangu leo. Nyumba ya matofali Buyenzi, vyumba vinne, bati jipya upande mmoja. Shamba dogo Ruziba, mihogo na migomba. Atelye ya Mutakura, matangi yote na redreseri mbili, kwa jina la Zaina. Baiskeli. Radio. Sanduku la tindo la Muzee Abedi, na pipa lake, ambalo ndilo nalokalia sasa. Pua yenye tundu. Jicho la kulia zima, la kushoto lenye ukungu. Masikio mawili mazima. Glasi moja.